Kongamano lako la kwanza la teknolojia: ombi la hataza kwanza, slaidi baadaye

Kila msimu wa makongamano ya teknolojia jijini Nairobi huleta swali lile lile, na kwa kawaida huja likiwa limechelewa. Mbunifu chipukizi amepewa dakika kumi jukwaani, ameeleza kifaa chake hadi nyaya za ndani, amepigiwa makofi, kisha anauliza namna ya kulinda alichokwisha kukitangaza.

Wageni wa makongamano huogopa wezi. Lakini anayewaponza zaidi ni ulimi wao wenyewe. Hataza (patent), yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako, hutolewa kwa uvumbuzi mpya, na upya huo hupimwa kwa tarehe ya ombi: kilichotangazwa kabla ya hapo, hata na wewe mwenyewe, si kipya tena.

Kenya ina uungwana hapo. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inakupa miezi 12 ya kuwasilisha ombi baada ya kujitangaza mwenyewe. Wengi wakisikia hivyo hulala usingizi, ilhali msamaha huo unaishia mpakani. Ofisi ya Hataza ya Ulaya haina nafasi ya namna hiyo, isipokuwa miezi 6 kwa maonyesho machache ya kimataifa yaliyotambuliwa rasmi. Usitarajie kongamano lako kuwemo.

Hesabu pia haianzi siku ya kupanda jukwaani. Waandaaji wakiweka muhtasari wako kwenye tovuti mapema, tarehe hiyo ndiyo inayohesabiwa. Tasnifu iliyo wazi kwenye maktaba ya kidijitali ya chuo ni vivyo hivyo.

Ombi kwa KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili hataza, lina fomu, maelezo, madai (yaani mipaka ya unachotaka kilindwe), muhtasari, na michoro inapohitajika. Weka nguvu kwenye maelezo, kwa sababu jambo jipya ulilolisahau siku hiyo haliongezwi baadaye. Ukishapata tarehe, una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine ukidai tarehe hiyo ya kwanza. Ukipitia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza (PCT), njia ya kuwasilisha ombi moja la kimataifa, nchi nyingi zitakusubiri hadi mwezi wa 30 tangu tarehe hiyo. Ombi huchapishwa baada ya miezi 18. Uchunguzi wa kina haujianzishi wenyewe: uombe na uulipie ndani ya miaka 3 tangu tarehe ya ombi, la sivyo utahesabiwa umeliacha ombi. Ada ya kila mwaka ikikupita, kuna miezi 6 ya kulipa pamoja na nyongeza. Zikipita nazo, hataza imekufa.

Na tafadhali, bahasha yenye michoro yako uliyojitumia kwa posta ili muhuri uwe ushahidi wa tarehe haikupi hataza. Cheti cha jina la biashara hakikupi alama ya biashara. Wazo tupu halisajiliwi popote. Msimbo wa programu hulindwa na hakimiliki tangu unapoandikwa. KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, huusajili kwa hiari ya mwenyewe, kama ushahidi.

Kama bado hujawasilisha ombi, usikae nyumbani. Eleza kazi ya kifaa, ficha namna kinavyoifanya. Mwenye kipimo cha unyevu wa mahindi anaweza kusema kinatambua gunia lililozidi asilimia 13.5, akaonyesha matokeo kwenye skrini, bila kutaja mpangilio wa vihisi wala fomula ya urekebishaji. Kifaa kifungwe na kisiachwe mezani, kwani mgeni akiruhusiwa kukifungua, umetangaza. Mwekezaji akitaka undani, mkataba wa usiri utangulie. Wengi hawatii saini kwenye kibanda, basi panga kikao cha baadaye. Mazungumzo ya foleni ya chai hayana usiri wowote.

Faida kubwa ya kongamano huanza kabla hujaondoka nyumbani. Pekua Espacenet, hazina ya bure ya hataza, kwa maneno ya fani yako. Andika majina ya kampuni zilizokutangulia, kisha yatafute kwenye ratiba ya wazungumzaji. Hao ndio wa kuwafuata wakishuka jukwaani. Waulize jaribio gani liliwashinda, kiwango gani cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kiliwachelewesha, sehemu gani waliagiza nje na kwa nini. Saa moja na watu wawili wa aina hiyo inazidi mfuko wa fulana na kalamu za bure.

Kila jioni, andika nyuma ya kadi uliyopewa: tarehe, mlikutana wapi, na ulimwonyesha nini hasa. Ukija kuitegemea ile miezi 12, utaulizwa ulitangaza lini na nini.