Kitabu cha picha sio cha kumtulizia mtoto tu

Wengi tumekua tukiamini kitabu cha picha ni cha kumtulizia mtoto, kusoma kwenyewe kunaanza akishajua herufi, afu eti picha zinamfanya avivie maneno. Hofu hiyo haijatoka hewani, kuna mtoto anaangalia picha anasema "kiti" na chini pameandikwa "kigoda", hapo unamrudisha kwenye herufi basi. Ila kabla ya herufi anahitaji maneno mengi kichwani, ajue kurasa zinafunguliwa toka wapi, maandishi yanaenda kushoto kwenda kulia, hadithi ina mwanzo na mwisho, na hayo anayapata hata kwenye kitabu chenye sentensi moja kila ukurasa.

Jaribu mwenyewe. Siku ya kwanza msomee tu, afu asimulie, we andika maneno anayotumia. Siku zinazofuata simama kwenye picha, uliza "huyu kajificha chini ya kitanda kwa nini?" na usimjibie haraka (hapo ndo wengi tunashindwa, mimi nikiwemo), baada ya wiki asimulie tena ulinganishe. Ukitaka kujua anasoma au anakisia, funika picha kwa mkono.