Ugonjwa wa uchovu sugu: kwa nini tunakuuliza ulifanya nini juzi

Tangu janga la UVIKO-19, malalamiko kuhusu uchovu sugu yanayofika kwenye dawati letu la haki za wagonjwa yameongezeka, na mengi yana sura moja. Mgonjwa anaambiwa vipimo vyote viko sawa, arudi nyumbani akaanze mazoezi. Anaanza. Siku mbili baadaye hawezi kuinuka kitandani. Akirudi kueleza, faili lake linaandikwa kwamba hashirikiani na matibabu.

Mimi ni daktari, na kazi yangu kwa sasa ni kusoma mafaili ya namna hii na kuyatolea maoni. Mengi yangeamuliwa mapema zaidi kama jambo moja lingeandikwa, ambalo mara nyingi si mgonjwa wala daktari aliyeliandika: mgonjwa alifanya nini juzi.

Uchovu wa kawaida humshika mtu palepale na kumwachia akilala. Ugonjwa huu, ambao kitaalamu huandikwa ME/CFS, hauendi hivyo. Hali huzorota baada ya mtu kujishughulisha, na mara nyingi huzorota kwa kuchelewa: baada ya nusu siku, siku nzima, hata siku 2 au 3. Wagonjwa wenyewe husema "nimezima". Na kinachowazimisha si lazima kiwe kazi nzito. Ni kuoga, kusoma barua ndefu, kuzungumza na wageni kwa saa moja, kusimama kwenye foleni. Aliyezidiwa kabisa huumizwa hata na mwanga na sauti za watu chumbani. Mfanyakazi mwenza alimwona mgonjwa Jumatatu akichangia kikaoni, Jumatano anasikia ni mgonjwa, anasema huyu anaigiza. Hiyo Jumatano ndiyo matokeo ya Jumatatu. Naomba sana neno "mvivu" liachwe. Mvivu akipumzika huburudika. Hawa hulala usiku kucha na kuamka kana kwamba hawakufumba jicho.

Kauli nyingine inayonichosha ni hii: "Damu yake ni safi, basi ni mzima." Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha ugonjwa huu. Vipimo vya damu, tezi ya shingo, sukari na vingine hufanywa ili kuhakikisha si magonjwa mengine yanayofanana nao, na majibu safi maana yake ni kwamba magonjwa hayo hayakuonekana. Basi. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani, baada ya kupitia makala zaidi ya 9,000 za utafiti, ilieleza wazi kwamba huu ni ugonjwa wa mwili, mzito na wa muda mrefu. Vigezo ilivyotoa ni uwezo wa kufanya shughuli kushuka sana kwa zaidi ya miezi 6, kuzorota baada ya kujishughulisha, na usingizi usioburudisha, pamoja na angalau kimoja kati ya hivi viwili: akili kuwa nzito na kusahau, au hali kuwa mbaya mtu anaposimama. Taasisi hiyo ilikadiria pia kwamba angalau robo ya wagonjwa hufikia hatua ya kutotoka nyumbani au kitandani. Ndiyo maana wengi hamjawahi kuwaona.

Dharau wanayoikuta ina historia. Mwaka 1955 wafanyakazi wengi wa hospitali ya Royal Free mjini London waliugua kwa pamoja kwa dalili za namna hii, na hospitali ikalazimika kufungwa kwa muda. Mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani liliuweka ugonjwa huu kwenye kundi la magonjwa ya mfumo wa neva. Mwaka uliofuata, madaktari wawili wa akili waliandika kwamba tukio la London lilikuwa histeria ya kundi, yaani hofu inayoambukizana, wakitegemea kumbukumbu za zamani, bila kuwachunguza wagonjwa wenyewe. Maelezo hayo yalikaa vichwani mwa madaktari kwa miongo kadhaa.

Kisha ukaja utafiti wa Uingereza uitwao PACE, uliochapishwa mwaka 2011 ukiwa na washiriki 641. Ulisema mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua na tiba ya mazungumzo vinasaidia. Wagonjwa walipinga tangu siku ya kwanza, wakaitwa wakorofi. Walichokuwa wakipinga kinaelezeka kwa hesabu. Ili uingie kwenye utafiti, alama zako za utendaji wa mwili (za juu ndizo nzuri) zilipaswa kuwa 65 au chini yake. Ili uhesabiwe umepona kwa kipengele hicho, zilitosha 60. Yaani mtu aliweza kuingia mgonjwa, akazidi kudhoofu, na bado akavuka mstari wa waliopona. Mgonjwa mmoja wa Australia aliomba data kwa njia ya sheria. Mwaka 2016 baraza la rufaa likaamuru zitolewe. Zilipochambuliwa upya kwa vigezo ambavyo watafiti walijiwekea mwanzoni, sehemu kubwa ya faida iliyotangazwa iliyeyuka. Oktoba 2021 chombo cha miongozo ya tiba cha Uingereza, NICE, kilitoa mwongozo mpya unaosema mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba maalumu yasitolewe kwa wagonjwa hawa, na tiba ya mazungumzo iwe msaada wa kuishi na ugonjwa tu, si dawa ya kuuponya.

Sisemi mazoezi ni mabaya kwa kila mwenye uchovu, na makala hii haichukui nafasi ya daktari wako. Nasema kwamba mgonjwa anayezorota baada ya kujishughulisha akikueleza wewe daktari, mwandikie alichosema.

Dawa ya kuponya bado haijapatikana. Maumivu, usingizi na matatizo ya kusimama hutibiwa kila kimoja kivyake, na mgonjwa hujifunza kutumia nguvu zake ndani ya kiwango alicho nacho, akipumzika kabla hajachoka. Wauzaji wa dripu na vidonge vya "kurudisha nguvu" wanawafilisi watu bure. Hata dawa iliyoonekana kuleta matumaini, rituksimabu, ilipojaribiwa Norwei kwa wagonjwa 151 haikuishinda dawa bandia. Kwa upande wa vinasaba, utafiti wa DecodeME ulioandaliwa pamoja na wagonjwa ulikusanya mate waliyoyatuma kutoka majumbani mwao, na mwaka 2025 ukatoa matokeo ya awali ya wagonjwa 15,579: maeneo 8 ya vinasaba yanayohusishwa na ugonjwa huu. Hicho si kipimo cha hospitali, msitumwe kukinunua.

Sasa utaratibu. Anza na daftari. Kila siku andika tarehe, saa ulizokaa wima, ulichofanya, na hali yako siku hiyo, kesho yake na kesho kutwa. Mistari 2 inatosha. Ukishindwa, mtu wa nyumbani akuandikie na aweke jina lake. Wiki 3 za daftari hunisaidia kuliko barua ya kurasa 5. Ukifika kliniki, omba upimwe mapigo ya moyo na shinikizo la damu ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama kwa dakika 10. Ni kipimo cha bei ndogo na kinasahaulika mno. Omba nakala ya kilichoandikwa. Kama kuna kosa, liombee marekebisho kwa maandishi. Usikwaruze wala kuandika juu ya faili.

Cheti cha mapumziko ya ugonjwa kina masharti yake. Daktari hawezi kukupa bila kukuchunguza, na akifanya hivyo anajibu mbele ya baraza lake la kitaaluma. Hawezi kurudisha tarehe nyuma. Ukibadilisha tarehe mwenyewe, hata kwa siku moja, umeghushi hati, na kughushi ni jinai. Nimesoma mafaili ya wagonjwa wa kweli kabisa waliopoteza haki zao kwa mwajiri kwa sababu ya tarakimu moja iliyofutwa na kuandikwa upya. Cheti kikiisha kabla hujapona, rudi kabla ya siku ya mwisho, si baada yake.

Ukialikwa kwenye utafiti, uliza umeandaliwaje kwa mtu atakayezima baada ya mahojiano. Fomu ya ridhaa isomwe yote, na una haki ya kujitoa wakati wowote bila tiba yako kuguswa.

Aliye kitandani halazimiki kuja kulalamika mwenyewe. Atume mwakilishi mwenye barua ya idhini iliyosainiwa na mgonjwa, nakala ya kitambulisho cha kila mmoja, na tarehe ya tukio linalolalamikiwa. Bila barua hiyo hatuwezi kumfungulia mtu faili la mgonjwa mtu mzima, hata akiwa mama yake mzazi. Na aje na daftari.