Saa 72 za P2 ni saa 72 za PEP pia

Kwa sisi tunaotoa ushauri kwa wanachuo wa Dar es Salaam, wa Mlimani, Ardhi na hosteli za Mabibo, swali la kwanza huwa moja: "P2 bado itafanya kazi?" VVU huulizwa kwa nadra. Mimba ndiyo inayoogopwa, maana tumbo litaonekana na nyumbani watajua. Virusi havionekani kwenye picha za mahafali.

P2 ni levonojestreli, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba baada ya ngono. Inachelewesha yai kutoka, ndiyo maana inatakiwa imezwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Yai likishatoka haikusaidii. Wala haitoi mimba iliyokwisha kutunga. Hayo maneno ya hosteli yaacheni hukohuko.

Sasa, saa hizohizo 72 ndizo za PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya mtu kuwa hatarini. Unaenda kituo chenye CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, unapimwa, na kama huna maambukizi unaanzishiwa vidonge vya kila siku kwa siku 28. Lakini mtu anakimbilia duka la dawa Sinza usiku, anameza P2, analala akijua yameisha. Akija kushtuka siku ya nne, PEP imeshampita. Natamani kila muuza P2 aulize swali moja zaidi: "Na mwenzako, unaijua hali yake?"

Wengi hunijibu, "Tulipima." Lini? Vipimo vya haraka vinatafuta kingamwili, na mwili unaweza kuchukua hata miezi mitatu kuzitengeneza za kutosha. Wapenzi wanaopima wiki ya pili ya muhula kisha wakaacha kondomu wamepata majibu ya kabla ya likizo. Rudieni. Kujipima wenyewe kumeruhusiwa kisheria tangu 2019, ila jibu la kuwa na maambukizi lazima lithibitishwe kituoni.

Sipendi mihadhara inayodhani wanachuo hawaijui kondomu. Wanaijua, wengine wanayo kwenye begi. Ila bumu, yaani pesa za mkopo wa chuo, likichelewa na kodi ya geto la Changanyikeni ikalipwa na mshua, yule mpenzi mtu mzima mwenye pesa, mwenye kauli juu ya kondomu ni mshua. Semina haigusi hapo. Kwa dada aliye kwenye hali hiyo huwa nataja PrEP, dawa ya kujikinga na VVU ambayo anaimeza kabla bila kumwomba mtu ruhusa, ingawa haizuii mimba wala kisonono.

Wala klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, na hii ndiyo inayonikera. Wanawake wengi hawaoni dalili yoyote. Anayepata uchafu na maumivu kidogo anasema ni UTI, ananunua antibayotiki nusu dozi. Isipotibiwa inaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi, ikaleta ugumba au mimba ya nje ya kizazi. Na mwenza atibiwe wakati uleule, la sivyo mtarudishiana. Kaka zangu mnaopewa taarifa hiyo, njooni hata kama hamsikii maumivu.