Goti lililochanika si mwisho wa mpokeaji

Wachezaji wengi wa fantasi ya NFL (mchezo wa kuchagua wachezaji halisi wa ligi ya futiboli ya Marekani na kupata pointi kwa takwimu zao) wakisikia mpokeaji, yaani mchezaji anayedaka pasi, amechanika kano ya mbele ya goti, wanamfuta hata kwa msimu unaofuata. Wanakosea, kwa sababu wanaangalia jina la jeraha na kusahau tarehe.

Cooper Kupp, wakati huo akiwa Los Angeles Rams, alichanika kano hiyo Novemba 2018. Kwa kawaida huhitaji miezi tisa au zaidi kupona, na msimu mpya huanza Septemba, kwa hiyo muda ulimtosha. Mwaka 2019 alidaka pasi 94, yadi 1,161 na tachidauni (mabao ya futiboli) 10. Katika ligi zinazotoa pointi moja kwa kila pasi iliyodakwa, pamoja na pointi za yadi na tachidauni, hizo ni takriban pointi 270. Waliompuuza walijinyima wenyewe!

Kinyume chake, mpokeaji Odell Beckham Jr. aliumia kano hiyohiyo kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, Februari 2022; muda haukumtosha, akakosa msimu wote wa 2022.

Baada ya tarehe, tazama anayerusha mpira ni nani na pasi ngapi zilikuwa zikielekezwa kwa mchezaji huyo kabla hajaumia. Kwangu mimi, hilo la pasi lina uzito kuliko kasi yake mazoezini.