Pete Iliyopotea na Mashine ya Kutafuta Metali: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Pete ya ndoa ikidondoka mchangani au kwenye nyasi, kila aliye karibu huwa na la kusema. Pekueni kwa mikono, leteni reki, iteni watu zaidi, bahari imeshaibeba, tafuteni mtu mwenye mashine. Sehemu kubwa ya ushauri huo si sahihi, na baadhi yake ndio unaofanya pete iliyokuwa sentimita tatu tu chini ya mchanga ikose kuonekana kabisa. Naandika haya kwa sababu pete nyingi zinazokatiwa tamaa zingeweza kurudi vidoleni iwapo kazi ingeanzia panapostahili: kujua kwanza ilianguka wapi, kisha kupapita hapo kwa utaratibu. Mashine ni ya tatu.

"Mashine itaonyesha dhahabu ilipo"

Hii ndiyo dhana inayoharibu kazi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Ndani ya lile duara lililo mwisho wa mpini wa mashine kuna koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Koili hupitishiwa umeme unaobadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na umeme huo huzaa uga wa sumaku unaopenya ardhini. Uga ukikutana na kitu kinachopitisha umeme, ndani ya kitu hicho huzuka mikondo midogo inayozunguka, nayo hutoa uga wake dhaifu unaorudi kwenye koili. Mashine hupima nguvu ya jibu hilo na jinsi lilivyochelewa, kisha hulia na kuandika namba kwenye kioo. Namba hiyo haisemi "dhahabu". Inaeleza tu kwamba kitu hiki, kwa ukubwa wake, unene wake, umbo lake na wepesi wake wa kupitisha umeme, kimejibu namna hii.

Tatizo ni kwamba vitu tofauti hujibu namna moja. Pete nyembamba ya dhahabu hutoa namba inayokaribiana sana na ya kipande cha karatasi ya alumini kilichokunjwakunjwa. Pete nene ya kiume huangukia palepale pa kile kishikio cha kufungulia kopo la soda. Fedha husomeka juu zaidi. Platinamu na dhahabu nyeupe mara nyingi husomeka chini. Mashine nyingi zina kitufe cha kukataa takataka, na anayeanza hukipenda sana kwa sababu humpumzisha na kelele. Lakini ukiiambia mashine ikatae alumini, umeiambia ikatae na pete. Anayetafuta pete ya mtu huchimba vishikio vyote vya makopo vilivyo kwenye eneo lile, kimoja baada ya kingine, na sijui njia ya kuikwepa kazi hiyo.

Lipo la kusaidia. Kama mwenzi wa aliyepotelewa anayo pete ya metali ileile na upana unaokaribiana, iweke chini, ipitishie koili, usikilize sauti na kuangalia namba. Sasa unajua unachokitafuta kinalia vipi. Hata hivyo, acha nafasi juu na chini ya namba hiyo, kwa sababu pete iliyosimama wima hujibu kwa udhaifu kuliko iliyolala, na iliyo chini sana huyumbisha namba. Pete iliyokatika hujibu vibaya zaidi. Mduara ukiwa mzima mikondo huzunguka bila kizuizi. Ukikatika, hukosa njia. Ndiyo maana pia mkufu mwembamba wa dhahabu ni mgumu kuupata kuliko pete: kila kijipete cha mkufu hujibu peke yake, kidogo mno, na mkufu unaweza kulala karibu na uso wa mchanga koili ikaupita kimya.

Almasi haisikiki kabisa, wala jiwe jingine lolote la thamani. Jiwe likichomoka kwenye pete, mashine haina la kufanya. Pete za titani na tangisteni zinasikika. Za silikoni, mbao na kauri hazisikiki.

"Kuna vifaa vinavyoona dhahabu kutoka mita mia"

Hakuna. Mashine nzuri, kwenye udongo usio na madini mengi, huisikia pete kwenye kina cha sentimita 20 hivi, wakati mwingine kufikia 30. Anayekuuzia antena inayojigeuza yenyewe kuelekea dhahabu anakuibia. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza vifaa vya namna hiyo, vilivyoitwa ADE 651, kama vitambua mabomu. Ndani havikuwa na chochote kinachofanya kazi. Wazo lake lilitokana na kichezeo kilichouzwa kama cha kutafutia mipira ya gofu. Vilinunuliwa kwa mamilioni ya pauni, na watu walivitegemea uhai wao kwenye vizuizi vya barabarani. Akija mtu na antena ya hivyo kukutafutia pete, mshukuru aende zake.

"Mwenye pete anajua ilipoangukia"

Anajua alipogundua kwamba haipo. Hapo ni mahali pengine kabisa, na katikati ya hapo na pale ilipoanguka panaweza kuwa na saa tatu na mita mia mbili.

Kisa ninachokikumbuka kila ninapowaza juu ya jambo hili ni cha mwaka 1881. Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi tarehe 2 Julai, na risasi ikabaki mwilini. Alexander Graham Bell, yuleyule wa simu, alitengeneza kifaa cha kutambua metali ili kuitafuta. Kifaa kilikuwa kinafanya kazi. Lakini daktari mkuu, Willard Bliss, alikuwa ameshaamua kwamba risasi iko upande wa kulia, akamruhusu Bell apime upande huo tu. Godoro la mgonjwa nalo lilikuwa na springi za chuma zilizovuruga sauti. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba, na uchunguzi wa maiti ukaikuta risasi upande wa kushoto.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha mashine mimi huuliza. Mara ya mwisho umeiona pete kidoleni ilikuwa lini, na nini kinakufanya uwe na hakika? Baada ya hapo ulifanya nini kwa mikono yako? Ulirusha mpira? Ulivua glavu? Ulijipaka mafuta ya jua, ukaiweka pete juu ya taulo, kisha ukalikung'uta taulo? Uliingia kwenye maji baridi? Vidole hunywea kwenye baridi, na mafuta au sabuni humaliza kazi iliyobaki. Halafu fungueni picha za siku ile kwenye simu. Kila picha ina saa yake, na mara nyingi mkono unaonekana pembeni. Picha ya mwisho yenye pete na ya kwanza isiyo na pete hufupisha siku nzima ikawa dakika chache. Nawasihi pia mkague gari, mifuko ya nguo na begi kabla ya kumwita mtu yeyote.

Hesabu inaonyesha kwa nini maswali haya yana thamani kuliko mashine ghali. Chukua koili yenye upana wa sentimita 28. Ili usiache mianya, kila pito lifunike nusu ya lililotangulia, kwa hiyo unafaidi sentimita 14 tu. Ukiwa na hakika ya mahali ndani ya mita 5 kila upande, eneo ni duara la mita za mraba 79 hivi, na koili itasafiri mita 560. Hakika hiyo ikilegea ikawa mita 10, koili itasafiri mita 2,240. Ikiwa mita 20, ni karibu kilomita 9, bila kuhesabu muda wa kuchimba. Mashine ya bei mara mbili haifuti kilomita hizo. Kinachozipunguza ni kumbukumbu iliyochunguzwa vizuri, na kinachozifanya zizae matunda ni kamba na vigingi vya kugawa eneo katika mistari, koili ikienda karibu na ardhi, sambamba nayo, bila kuinuka mwisho wa kila pito.

Pete ikiwa imerushwa au imechomoka mkono ukiwa unatupa kitu, simama palepale, fanya kitendo kilekile ukiwa na pete ya bei ndogo yenye uzito unaolingana, uone inaangukia wapi. Rudia mara kadhaa. Utapata kipande cha eneo ambacho usingekifikiria.

"Pekueni haraka kabla haijazama"

Tafadhali msifanye hivyo. Kwenye mchanga mkavu pete haizami yenyewe. Inazamishwa na nyayo, reki na mikono ya watu wenye nia njema, au inatupwa pembeni pamoja na fungu la mchanga hadi nje ya eneo lililokumbukwa. Kwenye nyasi, kukanyaga kwa watu kumi huisukuma chini ya mizizi isionekane kwa macho. Angalieni kwa macho bila kusogea sana, kisha wekeni alama.

Alama nayo ina namna yake. Ramani ya simu, mahali pa wazi, inaweza kukosea kwa mita 5 hivi, na mmeshaona mita 5 zina maana gani. Piga picha ukiwa umesimama hapohapo, ukielekea upande mmoja wenye mti na jengo vilivyopangana, kisha upande mwingine wenye vitu viwili vingine. Mistari hiyo miwili inapokutana ndipo ulipokuwa, na itakurudisha hata baada ya mwezi.

"Ikiingia baharini imekwenda"

Chupa ya plastiki imekwenda. Pete ni kitu kingine. Dhahabu safi ina uzito mara 19 ya maji ya ujazo uleule, na hata dhahabu ya karati 14, iliyochanganywa na metali nyingine, hufikia kama mara 13. Mahali mawimbi yanapovunjika, kila wimbi huutikisa mchanga ukawa kama uji, na pete huteremka ndani yake hadi ikute tabaka gumu la kokoto, makombe au udongo. Inakwenda chini zaidi kuliko inavyokwenda mbali. Shida ya baharini ni kina, na ndiyo maana siku za kwanza zina thamani.

Kwa hiyo muda wa kutafuta huamuliwa na maji. Pete iliyopotea penye maji ya kiunoni wakati bahari imejaa inaweza kuwa nchi kavu wakati wa kupwa, na maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, huacha wazi sehemu ambazo maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, hayaachi. Muulizeni mwenye pete ilikuwa saa ngapi na maji yalimfika wapi mwilini. Hapo mnaweza kujua mstari wa kuanzia.

Chumvi pia hubadilisha mashine inayofaa. Mchanga uliolowa maji ya bahari hupitisha umeme, na mashine inayotumia masafa mamoja, yaani umeme wake hubadili mwelekeo kwa kasi moja tu, hulialia ovyo juu yake. Zinazotumia masafa mengi kwa pamoja huivumilia chumvi, na zile zinazopeleka mapigo mafupi ya umeme kisha kusikiliza jinsi jibu linavyofifia hufika chini zaidi hata kwenye mchanga mweusi wenye chuma, ila hazitofautishi vizuri msumari na pete. Hapo unachimba misumari.

Miaka ikipita? Dhahabu haishiki kutu. Fedha itakuwa nyeusi, nayo husafishika. Wapo wanaosema pete iliyokaa sana huchafua udongo unaoizunguka ikawa rahisi kusikika. Hilo hutokea kwa chuma kinachooza, si kwa dhahabu.

"Aliyeokota ndiye mwenye mali"

Mwaka 1722, katika kesi ya Armory dhidi ya Delamirie huko Uingereza, kijana msafisha dohani aliokota kito akakipeleka kwa sonara kikadiriwe. Mfanyakazi wa sonara akang'oa mawe na kukataa kuyarudisha. Mahakama ilimpa haki kijana: aliyeokota ana haki dhidi ya watu wote, isipokuwa mwenye mali wa kweli. Nchi nyingi leo huhesabu kuwa ni wizi kuweka kitu cha thamani ulichookota huku ukiweza kumpata mwenyewe. Aliyetumwa kutafuta pete ya mtu hana hata pa kuanzia kubisha.

Ujira ni jambo jingine, na usemwe kabla ya kazi. Wapo wanaochukua nauli tu na zawadi pete ikipatikana; wapo wenye bei ya saa. Zote ni haki mradi pande mbili zimekubaliana. Ruhusa ya mwenye ardhi iombwe pia, na kwenye maeneo ya kihistoria yanayolindwa, nchi nyingi zinakataza mashine hizi bila kibali, hata kama unachotafuta ulikipoteza jana.

Kwa aliyepotelewa nina ombi moja. Ukitangaza, usitaje kila kitu. Sema ni pete na eneo kwa ujumla, uyaweke kwako maandishi yaliyochongwa ndani, idadi ya mawe au kasoro unayoijua wewe. Akipiga simu mtu kusema ameipata, mwache ayataje yeye. Na kama pete bado iko kidoleni unaposoma haya, ipige picha leo, ndani na nje, uandike metali yake na kipimo chake. Mtafutaji atakuuliza hayo kabla ya jambo lingine lolote.