Kaskazi, maziwa na moto ulio tumboni mwa ng'ombe

Kaskazi, msimu wa joto kali hapa pwani, ikikolea, simu za wafugaji wa Kisauni, Likoni na Mtwapa hufanana zote: ng'ombe ni yule yule, majani ni yale yale, ila maziwa yameshuka. Mmoja analaumu dawa ya kupe, mwingine anashuku jirani. "Huyu katupiwa jicho, daktari," bibi mmoja aliniambia, nami sikumbishia. Nilimwomba tu anionyeshe maji anayomnywesha. Mimi ni daktari wa mifugo, na jawabu langu huanzia tumboni.

Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Cha kwanza, rumeni, hubeba zaidi ya lita 100 kwa ng'ombe mkubwa, na chenyewe hakitoi kimeng'enya chochote cha kuvunja nyuzi za majani. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu, yaani bakteria, protozoa na kuvu, wanaoishi humo pasipo oksijeni. Wao ndio wanaochachusha nepia, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe. Katika kuchacha huko hutoka asidi nyepesi za mafuta, ambazo ng'ombe huzifyonza kupitia ukuta wa rumeni, na sehemu kubwa ya nguvu zake hutoka hapo. Vijidudu wenyewe nao husukumwa taratibu hadi chumba cha nne, chenye asidi kali, wakasagwa kuwa protini. Ng'ombe huwalisha, kisha huwala.

Gesi ya methani inayotokana na shughuli hiyo hutoka zaidi kwa mdomo, si kwa nyuma kama watu wanavyodhani na kuchekeana. Akishindwa kupiga mbweu, ubavu wa kushoto hufura, na asipotibiwa upesi anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Halafu kuna mate. Ng'ombe hutoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku, na mate hayo yana chumvi za jamii ya magadi zinazopunguza makali ya asidi ndani ya rumeni. Mengi hutoka anapocheua, na kucheua humchukua saa sita hadi nane kila siku. Ukimkuta amelala chini ya mwembe anatafuna na macho nusu yamefumba, usimwamshe. Yuko kazini.

Sasa, mchachuko wote huo hutoa joto. Ng'ombe wa maziwa mengi hula sana, kwa hiyo anatembea na jiko tumboni mchana na usiku. Nyanda za juu zenye baridi, jiko hilo ni neema. Hapa Mombasa ni balaa. Friziani, aina ya ng'ombe wa maziwa mengi, hustarehe hewa ikiwa chini ya nyuzi 25 hivi. Mchana wa kaskazi tunapita 30, na unyevu wa bahari hauliachi jasho likauke. Afanye nini? Anapunguza moto kwa njia aliyo nayo: anakula kidogo. Anasimama muda mrefu badala ya kulala, ili upepo umpitie mwilini. Anahema kwa kasi, mate yanamchuruzika hadi chini.

Mate hayo yanayomwagika ndiyo yananishughulisha zaidi. Ni magadi ambayo yangerudi rumeni, na sasa yamepotea mchangani. Mfugaji akiona maziwa yameshuka huongeza pumba na chakula cha gunia, ambavyo huchacha haraka na kuleta asidi nyingi, wakati ule ule ambapo kinga ya mate imepungua. Mafuta ya maziwa hushuka, choo kinakuwa chepesi, na baada ya majuma kadhaa mnyama anaanza kuchechemea kwa sababu kwato zimeathirika. Hapo ndipo jirani anapopata lawama zake. Mimba changa nayo huweza kuharibika kwa joto, kwa hiyo ukimpandisha katikati ya Februari usishangae akirudia kutaka dume.

Ng'ombe wenye nundu wana afadhali kubwa. Borani na Sahiwali wana ngozi iliyolegea, manyoya mafupi yanayong'aa, tezi za jasho nyingi na kubwa zaidi, na miili yao huzalisha joto kidogo. Maziwa yao ni machache, hilo sikatai. Lakini kwa ukanda huu ningechagua chotara wa Sahiwali kuliko Friziani halisi aliyeshushwa na lori kutoka bara akiwa amezoea sweta la ukungu.

Kuhusu maji sina huruma na mtu. Kutengeneza lita moja ya maziwa, kiasi cha lita 400 hadi 500 za damu hupita kwenye kiwele, na maziwa yenyewe ni maji kwa asilimia 87 hivi. Ng'ombe anayekamuliwa vizuri anaweza kunywa lita 80 kwa siku, na wakati wa joto zaidi ya hapo. Najua mtaani maji yanauzwa kwa mitungi ya lita 20 na mkokoteni hauji bure. Lakini mitungi miwili kwa siku haimtoshi, hata umpe chakula cha namna gani.

Chakula kingi mpe jioni na alfajiri, maana joto la rumeni hupanda saa chache baada ya kula, na afadhali lipande usiku. Nepia ikate ikiwa changa. Iliyokomaa ikawa miti huongeza joto na haina faida kubwa. Paa la makuti linashinda mabati. Na ukimmwagia maji, mlowanishe hadi kwenye ngozi, mahali penye upepo. Kummwagia ndani ya banda lililozibwa kuta pande zote huongeza unyevu tu, na ng'ombe atazidi kuhema.