Jina Shouldice si la Kanada, na hiyo ramani ikunje

"Kaka, ramani imeshanijibu, nataka tu uniwekee muhuri." Ujumbe ulianza hivyo, na chini yake picha: ramani ya dunia ya jina Shouldice lilipo jingi, Kanada nyekundu ndu, Ireland kijidoa cha waridi, Ujerumani nyeupe pe. Aliyeandika ni dada Mkenya aliyeolewa Ontario. Mumewe ni Shouldice, watoto wataandikwa Shouldice, naye kama mama yeyote anataka kujua wanabebeshwa jina la wapi. Ramani imesema Kanada. Mama mkwe anasema Ireland. Yeye mwenyewe, alipoona halina O mbele wala Mac, akahitimisha kuwa ni la Waingereza.

Kati ya hao watatu, aliyekaribia ni mama mkwe, na hata yeye amefika nusu ya njia.

Kazi yangu ni kuchimbua nasaba, hasa za watu wenye mzizi Ireland, na ramani za namna hii naletewa kila mara. Rangi hubadilika, dhana ni ileile: jina lilipo jingi ndipo lilipotoka. Nimeshajibu kwa upole, nimeshajibu kwa kirefu, sasa naandika mara moja. Atakayekuja tena na ramani nampa kiungo cha hapa, halafu naendelea na chai yangu.

La O na Mac nalipita mbio. Mac ni mwana wa, kama bin yetu, kama ole ya Wamaasai na arap ya Wakalenjin. Ó ni mjukuu, na kwa kutanuka, uzao wote wa babu fulani. Si ufupisho wa neno lolote la Kiingereza, na ile koma ya juu ni mazoea ya walioandika Kiingereza. Kiairishi chenyewe hakiijui. Waairishi waliianza kazi hii ya majina ya ukoo mapema mno: kumbukumbu zao zinataja kifo cha bwana mmoja wa Aidhne, huko Galway, mwaka 916, tayari anaitwa kwa ukoo wa Ó Cléirigh. Ila baada ya hapo waliingia Wanormandi, Waingereza, Waskoti na Wahuguenoti (Waprotestanti wa Ufaransa), wakazaa na kuzikwa humo karne kwa karne. Burke ni jina la Kinormandi, na hakuna anayemwambia Burke wa Galway kwamba yeye si Mwairishi. Imetosha.

Sasa Shouldice. Wajuzi wa mitandaoni hulipasua katikati, upande mmoja wakaona "should", upande wa pili "dice", yaani dadu, wakatunga na hadithi ya babu mcheza kamari. Hakuna kamari. Ni Schultheiß, neno la Kijerumani lililopita kwenye masikio ya watu wasiojua Kijerumani. Nusu ya kwanza ni deni au wajibu, nusu ya pili inatokana na kitenzi cha kuamuru: mtu anayewaamuru wenzake watoe wanachodaiwa. Alikusanya kodi, akaamua kesi ndogondogo, akasimama kati ya mtawala na wanakijiji na kulaumiwa na pande zote mbili. Msomaji wa pwani keshaelewa: huyo ni jumbe. Na kama cheo hicho kwetu kilivyogeuka jina la watu, mpaka Zanzibar ikawa na rais Aboud Jumbe, ndivyo ilivyokuwa kwao. Wajerumani walipokuja kututawala na kuwatumia maakida na majumbe kukusanya kodi, hawakuwa wanajifunza jambo geni.

Kwa kuwa ni cheo, kila kijiji kilikuwa na cha kwake. Kina Schultheiß wawili hawalazimiki kuwa na babu mmoja, kama kina Jumbe wawili wasivyolazimika. Kwa hiyo yule anayekuuzia nembo ya "ukoo wa Shouldice" kwenye kikombe anakuuzia kikombe. Nembo hupewa mtu na uzao wake. Jina la ukoo halipewi nembo.

Neno hilohilo, likisuguliwa na vinywa vingine, ndilo lililozaa Schulz, Schultz na Scholz. Schulz ni miongoni mwa majina yaliyojaa kupita kiasi Ujerumani. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Limefikaje Limerick, kusini-magharibi mwa Ireland? Wenye jina walitoka Palatinate, nchi ya mizabibu kando ya mto Rhine, Ujerumani, ndiyo maana wanaitwa Wapalatini. Mwaka 1689 majeshi ya Ufaransa yalichoma Heidelberg, Mannheim, Speyer na Worms. Vita vingine vikafuata. Kisha majira ya baridi ya 1708 kuingia 1709 yakaua mizabibu yenyewe. Ongeza kijitabu kilichosifia Carolina, koloni la Uingereza huko Marekani, kama pepo, na uvumi kwamba malkia Anne wa Uingereza atagawa ardhi bure. Watu wakateremka Rhine kwa mashua mpaka Rotterdam, wakavuka. Kufikia vuli ya 1709 walikuwa wamefika London kama 13,000, wakalazwa kwenye mahema Blackheath na kwingineko, na serikali haina la kuwafanyia. Wengine walipelekwa New York. Familia 821, watu zaidi ya 3,000, wakapelekwa Dublin.

Wengi wa hao hawakukaa. Ireland haikuwa Carolina. Waliong'ang'ania ni wale waliopata bwana wa ardhi mwenye masharti ya kibinadamu, na mkubwa wao alikuwa Thomas Southwell wa Rathkeale, kaunti ya Limerick: eka 8 kwa kila kichwa, mtoto mchanga akihesabiwa, kwa shilingi 5 kwa eka, na bunduki juu ili walinde Uprotestanti. Masharti ambayo mpangaji Mwairishi wa jirani hakuwahi kuyaota. Vijiji vyao vilikuwa Courtmatrix, Killeheen na Ballingrane. Kundi jingine lilikwenda Wexford, upande wa Gorey na Old Ross, na baadaye wengine walisambaa Kerry na Tipperary. Huo ndio mtawanyiko mkuu wa Wapalatini Ireland. Vitongoji vichache unavyoweza kuvitaja kwa pumzi moja.

Sasa nifike panaponiwasha.

Mtu huyu Schultheiß aliandikwa na karani Mholanzi Rotterdam. Akaandikwa tena London, ambako makasisi wawili wa Kijerumani, Tribbeko na Ruperti, waliorodhesha waliotangulia kufika. Akaandikwa tena Dublin, tena na wakala wa shamba Rathkeale, tena na kasisi wa parokia siku ya ubatizo. Mwenyewe hakuulizwa herufi, na pengine asingezijua. Kila karani aliandika alichosikia. "Shult-hais" ikipoteza pumzi ya katikati inakuwa "shultais", t ikilainika inakuwa "shuldais", na karani anayefikiri Kiingereza anaiandika Shouldice. Au Sholdice. Au Shoultice. Macho yanaona uharibifu, lakini lisome kwa sauti: mkia ule "dais" bado ni Mjerumani mzima.

Huyo alibaki na jina la ajabu kwa sababu karani hakupata neno la Kiingereza la kumvisha. Jirani yake wa mashua ileile aliitwa Müller. Karani akatabasamu, akaandika Miller. Jung akawa Young. Becker akawa Baker. Hao wamezama. Wamo ndani ya bahari ya kina Miller na kina Young wa Kiingereza na Kiskoti, na ramani yako haiwezi kuwatofautisha hata uipake rangi gani.

Kwa hiyo uadimu wa Shouldice si uadimu wa damu. Ni ajali ya tahajia. Upande mmoja tahajia imelichukua jina lililojaa Ujerumani ikalifanya adimu. Upande wa pili imelichukua jina jingine la Ujerumani ikalificha ndani ya wingi wa wengine. Ramani inahesabu tahajia, haihesabu watu. Inamtenga Shouldice na Sholdice, ambao huenda ni ndugu tumbo moja, na kumfunga kamba moja Miller wa Rathkeale na Miller wa Glasgow, ambao hawajuani. Halafu inaitwa sayansi kwa kuwa ina rangi.

Na inahesabu walio hai leo. Jaribu kwetu: mpe mtu ramani ya Tanzania, Kenya na Uganda, muulize kina de Souza na Fernandes wametoka wapi. Atakuambia Nairobi na Dar es Salaam. Jina ni la Ureno, watu ni wa Goa, na makaburi yao ya karibuni yapo hapa. Swali la "jina linatoka wapi" lina majibu matatu kabla hujaanza kubishana.

Kanada basi imekuwaje nyekundu? Mikataba nafuu ya Southwell iliisha, na katikati ya karne ya 18 kodi zikapanda. Mwaka 1760 kundi la Wapalatini liliondoka Limerick kwenda New York. Humo walikuwamo Philip Embury na Barbara Heck, ambao Wamethodisti wa Marekani huwahesabu kama waanzilishi wao, maana John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alikuwa amehubiri sana vijiji vile. Barbara Heck aliishia Ontario, akafa 1804. Karne ya 19 ikaja mikupuo mingine, ndugu akimwita ndugu, mpaka bonde la mto Ottawa. Aliyebaki Limerick aligawa shamba dogo akaishiwa. Aliyefika Ontario alipata ardhi, akazaa wana sita, kila mwana akapata ardhi yake. Vizazi vitano baadaye ramani inakuwa nyekundu, na kumbe unachokiona ni uzazi wa wakulima wachache wenye bahati. Kisha mmoja wa uzao huo, daktari Edward Earle Shouldice, akafungua hospitali Toronto mwaka 1945 kwa ajili ya ugonjwa wa ngiri peke yake. Leo daktari wa upasuaji anayejifunza kurekebisha ngiri, hata hapa kwetu, anajifunza "Shouldice" bila kujua kwamba anamtaja jumbe wa kijiji cha Rhine.

Ireland kwenyewe kumetuachia tundu kubwa. Ofisi ya kumbukumbu pale Four Courts, majengo ya mahakama Dublin, ililipuka na kuteketea 30 Juni 1922, ikaondoka na zaidi ya nusu ya rejista za Kanisa la Ireland, ambalo ndilo lililowabatiza na kuwazika Wapalatini wengi. Sensa za 1861 na 1871 serikali ilishaziharibu yenyewe, za 1881 na 1891 zikasagwa kuwa karatasi mpya. Tuna 1901 na 1911. Tuna makadirio ya Griffith ya kodi za ardhi, 1847 hadi 1864. Kuna na jedwali la Matheson la 1894, ambalo kila mtu hulinukuu kwa mtawanyiko wa majina, lakini lilihesabu watoto waliozaliwa 1890 na kuyaacha majina yasiyofikisha watoto watano. Yaani kwa jina adimu, chombo maarufu cha mtawanyiko hakina kitu.

Jack Shouldice, mzaliwa wa Ballaghaderreen mbali kabisa na Limerick, alipigana Dublin katika uasi wa Pasaka 1916, wa Waairishi dhidi ya utawala wa Uingereza, North King Street, si mbali na Four Courts. Alihukumiwa kifo, akapunguziwa. Miaka sita baadaye rejista nyingi za makanisa waliyosali Wapalatini ziliungua palepale jirani.

Kwa hiyo nikikuambia Shouldice wa leo ametokana na Schultheiß wa 1709, kati ya orodha za London na rejista zilizopona naruka vizazi viwili vitatu kwa kushika kijiji, dini, na majina ya ubatizo yanayorudiwa mjukuu kwa babu. Tunaita ushahidi wa mazingira. Siku nyingine naona ni imani iliyovaa suti. Na hata Ujerumani sijui kwa nini tunasimama hapo, maana baada ya Vita ya Miaka Thelathini (1618 hadi 1648) sehemu kubwa ya Palatinate ilijazwa upya na watu wa kutoka kwingine, wakiwamo Waswisi. Rathkeale kulikuwa na kina Switzer. Jina lao linajisema lenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwandikia mteja ripoti ya kurasa nyingi, nikamthibitishia kwamba bibi yake, Miller wa Limerick, alikuwa Mwingereza. Nililipwa. Baadaye nilipata ubatizo wa bibi huyo: babu wa ubatizo Sparling, jina la Kipalatini, kijiji Ballingrane. Nilirudisha pesa, ila ripoti ile imeshanakiliwa kwenye miti ya familia mingi, na siwezi kuifuta.

Dada wa Ontario nilimwandikia haya yote kwa kifupi, nikamwomba picha ya kaburi la zamani kuliko yote upande wa mumewe. Imekuja jana. Jiwe limeandikwa Sholdice, na mume anaapa kwamba mchongaji alikosea. Chini yake, kwa herufi ndogo, mke wa marehemu na jina lake la kwao: Miller.

"Huyu bibi sasa," dada ameandika, "si ndiye Mwingereza?"